Ofisi ndogo na kesi za sumu: ombi la jamii, dai la mtu mmoja au rufaa ya leseni?

Mawakili wachanga wa hapa Mombasa huniuliza swali moja tukikutana kwenye ngazi za mahakama: "Mkubwa, nataka kufanya kesi za mazingira. Niingilie wapi?" Ofisi zao ni kama yangu ilivyo hadi leo: mawakili wawili, karani mmoja, na chumba cha faili ambacho ndicho pia cha kuchemshia chai. Wamesoma habari za Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda cha betri, na zile shilingi bilioni 1.3 za fidia. Wengine wana mteja tayari kwenye benchi ya nje, mama aliyempakata mtoto na bahasha ya vipimo mkononi.

Kazi hii nimeifanya kwa njia tatu. Ya kwanza ni ombi la kikatiba la jamii nzima mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ya pili ni dai la fidia la mtu mmoja mmoja, pamoja na mfanyakazi aliyedhuriwa na sumu kazini. Ya tatu ni rufaa za leseni mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo mawakili sote tumezoea kuliita NET. Ofisi kubwa inaweza kuzibeba zote kwa pamoja. Ofisi ya watu wawili lazima iamue ipi itakuwa kazi yake ya kila siku na zipi itazipokea mara mojamoja. Ninaandika kwa sheria ya Kenya. Aliye Tanzania ana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na taratibu zake, ingawa mengi ya ushahidi ninayoyasema hapa yatamfaa.

## Nitakavyozipima

Kila njia nitaiuliza maswali matano: nani anatoa pesa kabla ya hukumu, ushahidi gani unatakiwa, muda ukoje, kilichoamuliwa kinafikaje mkononi, na anayekupa maagizo ni nani.

Kuhusu pesa, kuna jambo linalowakwaza wengi, nalo ni bora lijulikane mapema. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakiyapi nguvu mapatano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda. Yule wakili wa Marekani anayegharamia kesi yote kisha akachukua theluthi ya fidia hana nafasi kwetu. Hivyo usiweke mpango wa ofisi yako juu ya hukumu kubwa itakayokuja kulipa madeni yote.

Katika hayo matano, mimi muda ndio naupa uzito kuliko yote. Nimeona ofisi zenye mawakili hodari zikifungwa kwa sababu zilibeba kesi ambayo hazikuweza kuingoja.

## Ombi la jamii

Mlango wake ni ibara ya 42 ya Katiba ya 2010, haki ya kila mtu ya kuwa na mazingira safi yenye afya, pamoja na ibara ya 70 inayokupeleka mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa. Nguvu ya ibara ya 70 ni kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Unaweza kuomba kiwanda kizuiwe kabla mtoto wa kwanza hajaugua. Kwangu mimi hicho ni kifungu chenye huruma kuliko vyote tulivyo navyo katika kazi hii.

Pesa. Hapa ndipo ofisi ndogo inapoumia. Kijiji hakina amana ya kuweka. Kufungua faili hakugharimu sana. Gharama iko kwenye sampuli, nauli za mashahidi, nakala za majalada, na zile siku zako ambazo hukufanya kazi nyingine. Ndiyo maana nyuma ya maombi makubwa huwa kuna shirika. Owino Uhuru, pale Mikindani, nyuma ya kesi alikuwapo Phyllis Omido na shirika lake la kutetea mazingira, CJGEA. Mama huyu alifanya kazi katika kiwanda hichohicho cha kuyeyusha betri kuukuu, na mtoto wake akakutwa na madini ya risasi mwilini. Afueni moja ipo: kesi ikiwa ya manufaa ya umma kwelikweli, mahakama mara nyingi huacha kila upande ubebe gharama zake hata ukishindwa.

Ushahidi. Mwaka mmoja alikuja ofisini mzee mvuvi, akatoa kwenye kikapu chupa ya soda imejaa maji meusi, juu yake utando unaong'aa kama mafuta. Akaiweka juu ya meza yangu, kwenye faili lililokuwa wazi. "Mwanangu, haya ndiyo maji yanayotoka kwenye ule mfereji. Mahakama itazame." Nikamshukuru, nikamkaribisha chai, kisha ikanibidi nimwambie kuwa chupa ile haitafika mbele ya jaji. Ilikuwa na soda kabla. Haikufungwa kwa lakiri. Hakuna aliyeandika saa wala mahali yalipotekwa, wala hakuna shahidi aliyeona. Wakili wa upande wa pili angeimaliza kwa maswali matatu. Tulirudi kule mferejini pamoja na mtaalamu wa maabara, tukateka upya kwenye chupa safi mbele ya mzee wa mtaa, kila chupa na lebo yake, kila mkono uliopokea ukatia sahihi. Peleka kwa Mkemia wa Serikali au maabara inayotambuliwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na karatasi ya makabidhiano isikatike popote, kuanzia mferejini hadi mahakamani.

Kwa ombi la jamii unahitaji picha pana: udongo, maji, vumbi la paa, idadi ya walioathirika, barua ambazo serikali ilipelekewa ikanyamaza. Huhitaji kuanza na historia ya ugonjwa ya kila mkazi, ingawa unapoomba fidia swali la hasara ya kila mmoja litakufuata tu.

Muda. Owino Uhuru iliwasilishwa 2016. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikatoa hukumu Julai 2020: bilioni 1.3 za fidia, na agizo la kusafisha mtaa ambalo lisipotekelezwa zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta tuzo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wavuvi wa Lamu waliolalamikia bandari ya LAPSSET, ule mradi wa njia za usafiri za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, walifika mahakamani 2012, wakapata hukumu ya Mahakama Kuu 2018, ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ihesabu miaka hiyo kwa kodi ya ofisi na mshahara wa karani.

Kufika mkononi. Mdaiwa akiwa serikali huwezi kumtuma dalali akakamate magari ya wizara. Unaomba cheti cha amri, unakipeleka kwa wizara, na ikikaa kimya unarudi mahakamani kuomba afisa husika alazimishwe kulipa. Hiyo ni kesi nyingine juu ya kesi, na mteja aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Mteja. Jamii si mtu mmoja. Kiwanda kikiona kesi ina nguvu, kitaajiri vijana kumi wa mtaa, au kitajenga kisima, na nusu ya walalamishi watakuja kukuuliza kwa nini unataka kuwafungia riziki. Swali lao ni la haki na linastahili jibu. Wape kikao, si barua. Tangu mwanzo unda kamati yenye wanawake ndani yake, maana wao ndio wanaojua ni watoto wa nyumba ipi wanaougua. Weka kumbukumbu za kila mkutano, na maagizo makubwa yapitishwe kwa sahihi.

Inamfaa wakili mwenye shirika la kushirikiana naye, mwenye kazi nyingine inayolipa kodi ya nyumba, na mwenye kifua cha kukaa na watu miaka kumi bila kuwakimbia.

## Dai la mtu mmoja mmoja

Hapa unafungua dai la uzembe au kero kwa niaba ya mtu mwenye jina, umri na ugonjwa. Dai la kawaida linaweza kusikizwa na mahakimu, na hakimu mkuu ana mamlaka hadi shilingi milioni 20, hivyo mteja wako hana haja ya kuanzia juu.

Pesa. Ni nafuu zaidi kupanga. Ada unaweza kuigawa kwa hatua, mteja akalipa kidogokidogo, na ukishinda upande wa pili unalipa gharama zilizokadiriwa. Mkiwa na wagonjwa 40 wa chanzo kimoja, unaweza kuomba kesi moja isikizwe kuwa ya mfano na nyingine zingoje. Utaratibu huo umeokoa ofisi nyingi ndogo.

Ushahidi. Mzigo wake ni mkubwa kuliko wa njia nyingine zote. Lazima uonyeshe sumu ilitoka kwa mdaiwa, ikamfikia mteja wako, ikamfanyia madhara haya. Wakili wa upande wa pili atauliza kama baba hachomelei betri uani, kama rangi ya nyumba haina risasi, kama mama hakununua sufuria za kusubu mtaani.

Ninalo kosa ambalo sijajisamehe. Alinijia kijana aliyefanya kazi kwenye yadi ya kuyeyusha betri, akiwa ameacha kazi yapata miezi tisa. Mikono ilikuwa ikitetemeka, tumbo linamsokota usiku. Nikaanza na barua ya madai, nikamtuma kupimwa damu baadaye, kama vile hakuna haraka. Majibu yakaja ya chini. Mtu akiondoka kwenye chanzo, risasi iliyomo katika damu huanza kushuka, na kwa kadiri ya mwezi mmoja nusu inaweza kuwa imekwisha. Nyingine huhamia kwenye mifupa ikakaa humo miaka na miaka. Sumu bado alikuwa nayo, lakini karatasi niliyoshika ilisema yuko karibu na sawa. Nilihitaji daktari bingwa wa kuyaeleza hayo mahakamani, na kijana hakuwa na pesa za daktari bingwa. Tangu siku hiyo, mteja wa sumu akiingia ofisini, swali langu la kwanza ni kama ameshapimwa, na kama bado, anatoka hapo kwenda hospitali kabla hajanieleza mengine.

Usikubali pia kuambiwa kuwa kiwango kidogo hakina neno. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe damu ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita. Kwa zebaki ya machimbo ya dhahabu kipimo kinabadilika: mkojo huonyesha mvuke aliouvuta mchimbaji, nywele huonyesha zebaki iliyopitia kwenye samaki. Ukiagiza kipimo kisicho chake umepoteza pesa ya mtu maskini.

Muda. Dai la madhara lina miaka 3 ya kufunguliwa. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu sumu haijitangazi. Kwa madhara ya mwili, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Madai kinaiwezesha mahakama kumruhusu mtu ambaye hakujua mambo ya msingi kwa wakati. Lakini naye ana mwaka mmoja tu tangu alipojua, kwa hiyo andika tarehe aliyopewa majibu ya daktari na uitunze kama hati ya shamba. Kesi yenyewe huenda haraka kuliko ombi la jamii, hasa mbele ya hakimu.

Mfanyakazi ana njia yake. Mtu aliyedhuriwa na sumu kazini hupitia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, yaani WIBA. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo, hivyo dai huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na wakili anayekimbilia mahakamani moja kwa moja hurudishwa mlangoni. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupinga kwa mkurugenzi, kisha siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ada yake ni ndogo. Hata hivyo kazi ipo tele, fomu unazizoea, na huhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Inatosha kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Kufika mkononi. Mara nyingi kuna bima nyuma ya mwajiri, na bima hulipa, japo kwa kusukumwa. Kampuni isiyo na bima na inayokodi hata mashine zake ni hatari nyingine. Chunguza ina mali gani kabla ya kufungua kesi.

Mteja ni mmoja na maagizo yako wazi. Mzigo uko moyoni. Utamwona akidhoofika kila tarehe ya kutajwa kwa kesi, na kuna siku ndugu yake ndiye atakayekuja badala yake.

Inamfaa wakili anayependa ushahidi wa kitabibu, mwenye daktari mmoja au wawili wanaokubali kuja mahakamani, na anayehitaji ofisi ijiendeshe mwezi kwa mwezi.

## Rufaa ya leseni

NEMA imetoa leseni ya mradi, wakazi hawakubaliani nayo, nawe unaipinga mbele ya NET. Au wewe uko upande wa mwenye mradi, unaitetea. Ni njia ambayo vijana wengi hawaifikirii, nami naona wanaipuuza bure.

Pesa. Wateja wake mara nyingi wanaweza kulipa: vyama vya wakazi, wenye hoteli za ufukweni, wajenzi. Ada inajulikana mapema. Ushauri unaoandamana nayo, wa kusoma ripoti za tathmini ya athari kabla hazijapelekwa NEMA, ndio unaoweza kulipa umeme wa ofisi wakati ombi la jamii linangoja tarehe.

Ushahidi ni makaratasi: ripoti yenyewe, tangazo la gazetini, kumbukumbu za vikao vya umma, orodha ya waliohudhuria. Nimewahi kukuta jina la marehemu kwenye orodha hiyo. Katika rufaa ya makaa ya mawe ya Lamu, mradi wa kituo cha umeme cha megawati 1,050, NET iliifuta leseni Juni 2019, na hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna aliyehitaji kipimo cha damu. Kiwanda kilikuwa hakijajengwa.

Muda. Siku 60 za kuwasilisha rufaa, basi. Usiingie ukitumaini huruma ya kuongezewa. Mkazi akikuletea leseni, jambo la kwanza ni kujua ilitolewa lini na yeye aliijua lini. Asiyeridhika na NET ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa ya Lamu iliwasilishwa 2016, kwa hiyo hata hapa kungoja kupo, ila ni kufupi kuliko kwa ombi la jamii.

Kufika mkononi. Hakuna fidia. Unachopata ni leseni kufutwa, kurudishwa au kuwekewa masharti. Mteja aliyekwisha kuugua usimlete huku ukamwacha akidhani atalipwa.

Mteja. Jihadhari na mgongano. Mji ni mdogo. Ukimshauri mwenye kiwanda leo, kesho wakazi wa jirani yake wakija benchi kwako utalazimika kuwarudisha. Kuwatetea wenye miradi si dhambi, na ripoti iliyosomwa na wakili makini huwakinga watu wengi kuliko kesi. Ila chagua mapema upande wako katika eneo lako, na wenzako ofisini wajue.

Inamfaa anayesoma nyaraka kwa subira, anayetaka mapato ya kueleweka, na anayeona fahari katika madhara ambayo hayakutokea.

## Kwa hali yako

Ofisi ina chini ya miaka miwili na huna akiba ya miezi sita: anza na WIBA na rufaa za leseni. Ombi la jamii likija, jiunge na ofisi nyingine au shirika kama wakili wa pili. Utajifunza mengi, na hutabeba maabara peke yako.

Umekaa miaka kadhaa, kazi za ardhi au mirathi zinalipa gharama, na shirika linakufuata: chukua ombi moja. Nasema moja. La pili lingoje hadi la kwanza lifike kwenye hukumu.

Uko mji wenye viwanda na yadi za betri, na unao uhusiano na madaktari wa hospitali ya kaunti: dai la mtu mmoja mmoja ndilo litakalokukuza, na kesi ya mfano ndiyo iwe mbinu yako.

Uko Lamu, Kwale, Kilifi au kwingineko ambako miradi inaingia sasa: jifunze NET vizuri, na uwafundishe wazee wa mitaa kukupigia simu siku wanapoliona tangazo, si siku tingatinga linapofika.

Mteja hana hata nauli na jambo si la kufa na kupona: mwandikie malalamiko kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Ripoti yao inaweza kuwa msingi wa kesi baadaye, nawe utakuwa umemsaidia bila kumwahidi usichokiweza.

Na kama yule mama yuko kwenye benchi sasa hivi, kuchagua njia kutasubiri wiki mbili. Leo, kama vipimo alivyo navyo si vya damu, mpe barua ya kwenda kupima damu, yeye na mtoto. Chukua nakala ya kadi ya kliniki. Andika tarehe ya dalili za kwanza na tarehe ya kila jibu la daktari. Muulize kama kuna mwanafamilia anayefanya kazi kwenye kiwanda hicho na kama ofisi yoyote ya serikali ilishapelekewa barua, maana hapo ndipo utajua kama una miaka mitatu au miezi kumi na miwili.